Kodi, Sensa na Reli: Maneno ya Kutafuta Ubovu wa Injini katika Mwambao wa Kigoma

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno ya kutafuta ubovu wa injini yalivyoingia, yalivyobadilika na yalivyogongana katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu zama za mvuke hadi zama hizi ambapo pikapu ya dizeli huunganishwa na kompyuta ili ieleze inaumwa wapi. Tumeichagua Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, kwa kuwa hapo ziwa, reli na barabara vimekaribiana sana. Maboti ya abiria na ya mizigo yaendayo Gombe na vijiji vya kaskazini huondoka hapo, na dagaa na migebuka hushushwa hapo na kupakiwa kwenye magari. Pikapu ikikataa kuvuta mlimani, migebuka wabichi hawamngoji fundi. Hivyo swali la gari lina ugonjwa gani huulizwa hapo kwa haraka, na jibu lake hulipiwa kwa fedha taslimu.

Yafaa tuseme mapema kwamba shida tunayoizungumzia si uhaba wa maneno. Maneno yapo, na pengine yamezidi. Shida ni kwamba katika kazi hii mpya maneno machache yamebebeshwa mizigo miwili miwili, na anayelipa gharama ya mkanganyiko huo ni mwenye gari.

Kiswahili kilifika Ujiji kwa misafara muda mrefu kabla ya mashine yoyote. Stanley alipokutana na Livingstone hapo mwaka 1871, lugha hii ilikwisha kuwa lugha ya soko. Mashine zenyewe zilikuja na reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na juu ya reli hiyo zikaletwa vipande vipande sehemu za meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Meli hiyo iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo hiyo ikiwa bado yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tumeitaja habari hii mashuhuri kwa kuwa yaonyesha kwamba katika mji huu kazi ya kufungua, kupaka, kufunga na kusikiliza mashine ina umri wa zaidi ya miaka 100.

Sasa na tuyatazame maneno ya kazi hiyo. Reli, injini, stesheni na meli ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiingereza. Bomba tulilipata kwa Wareno, na maana yake ya kwanza ni chombo cha kuvutia au kusukumia maji. Gari limetoka Bara Hindi. Lakini injini ilipoharibika, mtu alisema nini? Alisema inavuja, inagonga, imekwama, inachemka, imelegea, imeziba, inakohoa, haivuti. Haya yote ni maneno yetu ya Kibantu, nayo yalikuwako kabla ya reli, yakitumiwa kwa mitungi, milango, vyungu na vifua vya watu. Kwa hiyo twaweza kusema hivi: vifaa tulivikopa pamoja na majina yake, bali maradhi ya vifaa tuliyataja wenyewe. Msomaji atatukumbusha kwamba mafundi husema pia injini inamisi, au injini imenoki, na haya yametoka Kiingereza. Ni kweli. Lakini hayo ni machache, nayo yamekwisha kuvaa viambishi vyetu na kutulia.

Utaratibu huo wa kutaja maradhi kwa maneno ya nyumbani uliendelea ilipokuja dizeli. Injini ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi sawasawa ilionyeshwa Augsburg mwaka 1897. Tofauti yake na injini ya petroli ni kwamba haina plagi za kuwasha moto. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa ya moto mno, ndipo mafuta yanaponyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo uhai wa injini ya dizeli umo katika pampu na nozeli. Hapo Kiswahili kilifanya jambo la ajabu kidogo. Neno bomba, ambalo kwa asili lilikuwa ndiyo pampu, lilikuwa limekwisha hamia kwenye mfereji wa maji na mwanzi wa kupitishia kitu. Basi tukaazima upya, safari hii kutoka Kiingereza, tukapata pampu. Maneno mawili ya Ulaya kwa kitu kimoja, na kila moja likapata kazi yake. Liemba yenyewe ilitolewa mitambo ya mvuke ikafungwa ya dizeli katika miaka ya 1970, na ufundi wa nozeli ukawa ufundi wa majini na wa barabarani pia.

Fundi wa dizeli wa wakati huo alikuwa na namna zake za kuuliza. Alitazama moshi: mweusi una maana mafuta ni mengi au hewa ni haba, mweupe, mafuta yanatoka bila kuungua, wa buluu, oili inaingia mahali isipotakiwa. Injini ikiwa inanguruma taratibu, alilegeza nati ya bomba la nozeli moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Nati ambayo ikilegezwa mngurumo haubadiliki ndiyo inayomwonyesha silinda isiyofanya kazi. Fundi hupata jibu kwa sikio lake, na hulitangaza kwa maneno ambayo mwenye gari anayaelewa, hata akiwa hajui kusoma. Mwenye gari aweza kubisha. Aweza kusema, “Mbona jana haikugonga?” Mazungumzo hayo ya watu wawili juu ya ugonjwa wa kitu cha tatu ndiyo yaliyobadilika, na hilo ndilo hasa tunalotaka lionekane.

Hapa hatuna budi kutoka mwambaoni kwa muda kidogo, twende Dar es Salaam kutazama historia ya kompyuta, maana yake ndiyo iliyoamua maneno gani tulikuwa nayo chombo hicho kilipofika gereji. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashaka makubwa juu ya manufaa yake katika hesabu za Serikali. Hivyo katika miaka ile ambayo kazi ya istilahi ilikuwa ikichangamka, kompyuta ilikuwa kitu cha vyumba vichache vya mahesabu, na baadaye ikawa kitu kisichoruhusiwa kuletwa. Jina lenyewe liligombaniwa: kuna waliopendekeza ngamizi, wengine tarakilishi, ambalo hadi leo lina nguvu Kenya, katika Tanzania kompyuta ndilo lililokaa midomoni. Sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitolewa mwaka 2003, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu za ofisini katika Kiswahili, kazi iliyofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao.

Ziangalieni istilahi zilizozaliwa katika njia hiyo: faili, hati, dirisha, ukurasa, kuhifadhi, kuchapa. Ni maneno ya karani. Wala hatuyalaumu, yamefanya kazi waliyotumwa. Lakini kompyuta iliyofika Kibirizi haikufika kupitia ofisini tu. Ilifika imejificha chini ya dashibodi ya pikapu, ndani ya kisanduku ambacho mafundi hukiita kontroli boksi, na fundi alikutana nayo kabla ya karani yeyote kumtafsiria.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika miaka ya 1990 pampu ya dizeli iliyokuwa ikipanga mafuta kwa meno na springi ilianza kuachia nafasi yake. Katika injini mpya, pampu moja husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno na kuyaweka katika mwanzi mmoja mnene, na kutoka hapo nozeli zote huchota. Kila nozeli hufunguliwa na kufungwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Magari madogo ya kwanza yenye mpango huo yaliuzwa Ulaya mwaka 1997. Shinikizo la upepo katika tairi la gari dogo ni kama baa 2. Katika mwanzi huo ni mamia ya baa injini ikiwa imetulia, na hupita baa 1,000 ikifanya kazi nzito. Katika injini kama hiyo ule ufundi wa kulegeza nati ni hatari; mafuta yanayochuruzika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi ya mkono. Wakati huohuo sheria za kupunguza moshi, kwanza Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, kisha Ulaya, ziliwalazimisha watengenezaji kuweka tundu la plagi la aina moja, lenye pini 16, karibu na usukani, na kuifanya kompyuta ya gari iandike hitilafu kwa alama zinazofanana. Fundi akichomeka waya katika tundu hilo na kufungua programu ya uchunguzi katika kompyuta yake ya mkononi, gari humjibu kwa herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni ya injini na gia, C ni ya breki na uendeshaji, B ni ya bodi, U ni ya mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe.

Ndipo tunapokuta jambo jipya kabisa katika historia tuliyoieleza. Kwa mara ya kwanza hata ugonjwa wa gari umekuja na jina la kigeni, tena jina lisilo neno. Hakuna kugonga wala kuvuja. Kuna P0087.

Gereji zilijibu kwa kuazima, kama zilivyoazima siku zote, na maneno matatu ya mkopo huo yastahili kutazamwa na kila mfasiri.

La kwanza ni kodi. Fundi husema gari limetoa kodi, au amefuta kodi. Katika gereji hakuna anayepotea. Lakini neno hilo likiingia katika maandishi, mtumishi wa Serikali anayesoma kwamba kodi zote za gari zimefutwa atashangaa ni nani aliyeidhinisha msamaha huo. Twalo neno msimbo, nalo limekwisha kubalika katika taaluma nyingine. Hatuoni sababu ya kulikwepa.

La pili ni sensa. Fundi akisema sensa imekufa, ana maana ya kile kidude kinachopima joto, shinikizo au mwendo na kupeleka habari kwenye kontroli boksi. Lakini tangu mwaka 1967 Tanzania imehesabu watu wake kwa jina hilohilo: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Neno lililotumiwa na taifa zima mara sita halipaswi kugawanywa na kidude cha injini. Kihisi ni neno fupi, latokana na hisi, na mwanafunzi hulielewa bila kuelezwa. Twajua kwamba mafundi wengi wataendelea kusema sensa, na hilo halitusumbui. La muhimu ni vitabu vya vyuo vya ufundi stadi na fomu za matengenezo za Serikali zisiwaige.

La tatu, nalo ni gumu kuliko hayo, ni reli. Ule mwanzi mnene wa mafuta kwa Kiingereza huitwa kwa neno lilelile lililotupatia reli ya gari moshi, na mafundi husema injini ya komoni reli. Mfasiri wa haraka huandika reli ya pamoja. Kwa mwanafunzi wa Kigoma, aliyezaliwa karibu na stesheni, reli ni vyuma viwili vilivyolazwa chini, na vyuma hivyo havishiki mafuta. Hapa twapendekeza bomba la pamoja la mafuta. Tazama jinsi neno lile la Kireno, lililokimbia kazi ya pampu likawa mwanzi wa maji, lilivyojiandaa lenyewe kwa kazi hii bila kuombwa na mtu.

Lakini kusahihisha maneno hayo matatu hakutoshi, maana kuna kosa la nne lisiloonekana kwa sababu halina neno la kigeni ndani yake. Ni kupima. Kupima gari kwa kompyuta kumekuwa usemi wa kawaida, na ndani yake kumetiwa kazi tatu: kusoma misimbo, kupima hali ya injini, na kubaini chanzo cha ubovu. Tuutazame mfano wa msimbo tulioutaja. Pikapu yenye shehena ya dagaa inapanda kutoka Kibirizi. Katikati ya mlima inapoteza nguvu, na taa ya injini inawaka. Fundi anachomeka waya, programu inaonyesha P0087, na chini yake maelezo kwamba shinikizo katika bomba la pamoja ni dogo kupita kiasi. Ikiwa fundi ameelewa kwamba kompyuta imekwisha kupima, atamwambia mwenye gari, “Kompyuta imesema pampu.” Pampu ya shinikizo kubwa ni kifaa ghali sana, nayo huenda ikafungwa mpya na gari likashindwa mlima uleule.

Kompyuta haikusema pampu. Ilisema kwamba shinikizo lililopimwa na kihisi limetofautiana na shinikizo lililoamriwa. Chanzo chaweza kuwa filta iliyoziba, hewa inayoingia katika mpira wa mafuta uliochakaa, maji ndani ya tangi, nozeli inayorudisha mafuta kupita kiasi, vali isiyofunga, kihisi chenyewe kinachosema uongo, au pampu kweli. Fundi mzuri huanza kwa filta kwa kuwa ni rahisi na bei yake ndogo. Kisha hurudi kwenye programu, si kusoma msimbo tena, bali kutazama tarakimu mbili zinazobadilika papo kwa papo: shinikizo linalotakiwa na shinikizo lililopo, kwanza gari likiwa limesimama, kisha likipanda mlima. Kisha huyakinga katika chupa mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, aone ni ipi inayomwaga kuliko wenzake. Hiyo ndiyo kazi ya kubaini. Nchini mwetu hutazamwa pia mafuta yenyewe, maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huisaga pampu kwa kukosa ulaini. Kwa sababu ya uchanganyaji huo, mwaka 2010 mafuta yalianza kutiwa alama ya siri, na alama hiyo umma uliiita vinasaba, neno lililotoka moja kwa moja katika biolojia. Hatujui istilahi nyingine iliyoruka kutoka seli ya kiumbe hadi lori la mafuta kwa muda mfupi namna hiyo.

Basi twaona haja ya kutenganisha, na kwa bahati Kiswahili kimekwisha kututenganishia. Neno hitilafu limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kutofautiana. Wazee waliposema pana hitilafu baina ya fulani na fulani, hawakuwa na maana kwamba mmoja wao amevunjika. Maana hiyo ya kale yaitosha kazi ya kompyuta kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo: kompyuta huona tofauti baina ya kilichotakiwa na kilichopo, kisha huiandika. Kwa hiyo msimbo wa hitilafu ni istilahi sahihi, mradi hitilafu isitumiwe badala ya ubovu. Ubovu ni wa kifaa: filta imeziba, mpira umepasuka. Na dalili ni ile anayoiona au kuisikia dereva: gari halivuti, linatoa moshi mweusi. Dereva huleta dalili, kompyuta huleta hitilafu, fundi hutafuta ubovu. Fomu ya matengenezo yenye nafasi tatu kwa mambo haya matatu ingemzuia fundi kuandika pampu mahali panapotakiwa msimbo, na ingempa mkaguzi wa gari la Serikali kitu cha kuuliza kabla ya kuidhinisha malipo.

Pana waliopendekeza uaguzi kwa kazi nzima, kwa kufuata neno la Kiyunani linalotumiwa na waganga wa hospitali na mafundi wa magari sawasawa. Neno hilo ni zuri na la kale. Hata hivyo twasita. Kuagua kumefungamana na kutabiri, na katika gereji zetu fundi anayebadilisha vifaa kwa kubahatisha huambiwa, kwa dharau, kwamba anapiga ramli. Kuliita jambo lililokusudiwa kuondoa ramli kwa jina lenye harufu ya ramli ni kumpa mdharau silaha. Ubainishaji wa ubovu ni refu, lakini halidanganyi.

Walimu wa ufundi watuwie radhi tukiongeza jambo la programu zenyewe. Maandishi yake huja kwa Kiingereza, aghalabu kwa ufupisho, na wafasiri sasa wanaanza kuombwa kuyatia katika Kiswahili. Sentensi itakayowashughulisha zaidi si ndefu: ni ile itokeayo programu isipokuta msimbo wowote. Tafsiri iliyo rahisi ni gari halina hitilafu. Tafsiri hiyo ni ya hatari. Pikapu nyingi za mwambaoni, hasa zile imara zilizozoeleka katika mashirika na kambi za wakimbizi za mkoa huo, zina pampu ya meno na springi isiyotoa habari kwa kompyuta yoyote. Programu haiwezi kusema lolote juu ya nozeli zake, nazo zaweza kuwa mbovu zote nne. Hata katika injini mpya, mpira unaovuta hewa kidogo waweza kulizima gari asubuhi bila kuacha alama yoyote. Kinachopaswa kuandikwa katika kioo cha kompyuta ni hiki: hakuna msimbo uliohifadhiwa.